Mkono Wangu Begani Mwako

Baba Mwende,

Ni mimi. Nimekaa kwenye kiti chako, kile ambacho hukutaka mtu mwingine akikalie, na sina nguvu ya kukuomba msamaha. Huku tuko salama, ukiacha mgongo wangu, na macho, na mvua iliyokuja siku nne ikapotea. Mahindi ya shamba la chini yamejikunja majani. Kunde bado zinajikaza. Mwende angekusalimu kama angejua ninakuandikia, lakini sijamwambia, ataniuliza maswali na mimi nimechoka kujibu maswali.

Nakuandikia kwa sababu kesho kutwa tunakuwekea msalaba wa saruji, na picha yako ya kuweka juu yake imeisha. Nimeitengeneza mimi, kwenye kompyuta yako. Ningeweza kukuambia hivyo tu nikafunga barua. Lakini wewe ulikuwa mtu wa kutaka kujua kazi imefanywaje, kwa hivyo vumilia.

Kwanza hujui habari ya kijitabu cha mazishi yako, na sifurahii kuwa mimi ndiye wa kukueleza. Presha ilikuangusha Jumatano, Ijumaa ukawa umeenda. Nyumba ilijaa watu, nami nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikiambiwa ninywe uji. Kyalo, mdogo wako, akaja akaniomba picha yako ya jalada. Ndipo nikaona kwamba mtu aliyepiga picha Masii nzima, harusi, ubatizo, kipaimara, vitambulisho, hakuwa na picha yake mwenyewe ya maana. Tulitafuta mpaka kwenye viatu. Tukapata ile ya siku Mwende alipohitimu, iliyopigwa kwa simu yake na mtu tusiyemjua. Umevaa koti la kijivu. Mimi niko kando yako na kitenge cha manjano, mkono wangu uko juu ya bega lako.

Kompyuta yako ilikuwa hapa dukani na hakuna aliyejua kuitumia. Kyalo akapeleka ile picha kwa studio nyingine, sitaitaja, nao walikuwa na haraka. Vijitabu vilifika asubuhi ya mazishi. Walikukata vizuri upande wa kichwa. Mimi wakanitoa, uso, kitenge, kila kitu. Mkono wakauacha. Vidole vinne juu ya bega lako, pamoja na pete, pamoja na lile kovu la kuungua na sufuria ya muthokoi, na havina mwenyewe.

Wewe unajua vile kazi hii ilivyo. Watu wetu hawasimami mbele ya kamera peke yao, labda wakitafuta kitambulisho. Hupiga picha wakiwa wameshikana. Mtu akifariki, familia inakuja hapa kaunta na picha ya watu kumi na moja mbele ya kanisa, inanyoosha kidole, inasema ni huyu wa katikati. Na huyo wa katikati daima ana mkono wa mtu begani. Kutoa huo mkono ndiyo ilikuwa kazi yako. "Marehemu husimama peke yake," ulikuwa ukisema, kisha unavuta kiti, kisha siwezi kuongea nawe mpaka saa kumi. Na siku ikikufikia kazi ya studio nyingine iliyoachwa na mkono, uliniita kwa sauti. "Mama Mwende, kuja uone mtu wa mikono mitatu." Nami nilikuja, nikacheka nawe. Mungu atusamehe wote wawili.

Basi siku yako ilipofika, mtu wa mikono mitatu ulikuwa wewe. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele chini ya hema, nikasikia mama mmoja wa kwaya nyuma yangu akisema, "Na huu mkono ni wa nani?" Mwenzake akamjibu labda ni wa malaika. Niliingiza mkono wangu ndani ya leso. Nilikaa nao hivyo misa nzima, na hata watu walipokuja kunipa pole niliwapa ule mwingine. Niliona haya, Baba Mwende. Mke wa fundi wa picha, na fundi mwenyewe anazikwa hivyo.

Baada ya wiki mbili Kyalo alikuja kuzungumza habari za msalaba. Akasema wakati wa kuweka ule wa saruji ukifika, picha ya kigae ya kubandika juu yake itengenezwe upya. "Hatuwezi kuweka ndugu yetu na mkono wa mtu," alisema. Mkono wa mtu. Nilikuwa nimekishika kikombe chake cha chai kwa mkono huohuo. Nikamwambia asitafute fundi mwingine, nitaitengeneza mwenyewe. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Nadhani yalitoka kwa hasira.

Maana kusema kweli mimi nilijua nini? Kupanga watu mstari, kuwaambia wanyanyue kidevu, kukata picha za pasipoti kwa makasi, kupokea wateja na kuwadanganya kwamba kazi yao iko karibu kuisha. Kwenye kompyuta nilijua kuiwasha. Miaka kumi na tisa ulikuwa unaniambia, "Nitakufundisha tukipata nafasi." Nafasi ilikuwa kila siku saa nane mchana, hakuna mteja, wewe unasoma gazeti la juzi. Kuna wiki nilikukasirikia kwa jambo hili kuliko nilivyokulilia. Nilikuwa nafagia chini ya hiki kiti nikikusema kwa sauti. Ungenifundisha kitu kimoja tu. Kimoja.

Nikaanza kutafuta mwongozo wa wanaoanza. Wewe ulijifunza na nani? Sikuwahi kukuuliza. Mimi nilianza na simu. Niliandika jina la ile programu yako ya picha na neno la kuonyesha kwamba mimi ni mgeni kabisa, na zikaja video zaidi ya ninavyoweza kuzitazama mpaka nife. Zote zinasema ni za wanaoanza. Mtu anaongea Kizungu haraka kana kwamba anafukuzwa, mshale unaruka huku na huku, na kabla sijaona alipobonyeza, yeye ameshamaliza na anacheka. Niliirudisha nyuma video moja mpaka bando likaisha. Halafu nikagundua kwamba kompyuta yako ina programu ya zamani. Vitufe anavyovitaja yule mtu hapa kwako vingine haviko, vingine vimekaa mahali tofauti na vinaitwa jina lingine. Nilipoteza mwezi nikitafuta kitu ambacho hakimo.

Nikaenda Machakos mjini, nikapata kitabu kinene kwa wale wanaouza vitabu vilivyotumika wakivitandaza chini. Kimeandikwa kwamba hakihitaji ujuzi wowote. Sura ya kwanza yote ni habari ya rangi, jinsi macho yanavyoona rangi. Mimi naona rangi tangu nizaliwe. Nikafika sura ya tano nikiwa bado sijafungua picha hata moja, na sura ya sita ilikuwa imenyofolewa. Siku hiyohiyo niliingia chuo kimoja cha kompyuta kuuliza. Msichana wa mapokezi akaniambia mambo ya picha yanakuja mwisho, kwanza nitaanza na kuandika barua kwa mashine miezi mitatu. Akaniita shosho, kama bibi yake. Nikamshukuru nikatoka.

Mwende alinitumia mwongozo kutoka huko kwake Syokimau, kurasa nyingi, nikazitoa kwa printa na kuzifunga na uzi. Huo angalau ulikuwa na picha za kuonyesha bonyeza hapa, bonyeza pale. Nikaufuata mchana baada ya mchana, duka likiwa kimya. Nikajifunza kukuza, kukata, kung'arisha. Nikajifunza brashi inayofuta madoa. Siku moja nikajiona nimeiva. Nikafungua picha yetu, ile ya koti la kijivu, nikaenda moja kwa moja kwenye mkono.

Sikuutoa. Niliuchafua. Bega lako likawa uji wa kijivu, pete ikawa mstari wa njano kwenye shingo. Nikaona nitajaribu tena kesho, nikahifadhi, nikazima mashine nikaenda kupika. Kesho yake nikafungua nikitafuta ile nzuri. Haikuwepo. Nilikuwa nimehifadhi juu ya ile ya kwanza, na hakuna mahali popote katika kurasa zile zote palipokuwa pameniambia nitoe nakala kabla ya kugusa. Nadhani aliyeuandika aliona hilo kila mtu analijua.

Nilikaa hapa nikitazama ule uji. Nilifikiri nimekupoteza mara ya pili, na safari hii si presha, ni mimi. Nilimpigia Mwende, maneno yakatoka ovyo. Aliponielewa akasema ile ya kwanza bado anayo kwenye simu yake. "Lakini Mama, pumzika kwanza. Na kwani ukiuacha huo mkono kuna ubaya gani? Ni wako." Nikamwambia hajui kazi ya baba yake. Lakini nilipumzika. Mwezi mzima nilifunika kompyuta kwa kitambaa kile chako cha maua, nikapiga picha za pasipoti, nikauza fremu.

Halafu ikaja familia ya upande wa Mwala. Susu wao alikuwa amefariki, wakaleta picha ya karatasi, bibi yuko katikati ya wajukuu. Nilitaka kuwaambia wewe haupo. Badala yake nikaipokea. Nikapiga nakala, nikatoa wajukuu, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemshika begani, kukata kulikwenda vizuri. Nikajisikia mtu. Basi nikafungua ukurasa wangu wa kusafisha ngozi. Mwongozo ulionyesha msichana wa nchi za baridi mwenye chunusi mbili, ukasema ondoa kila kinachovuta jicho. Nikaondoa. Nikamnyoosha bibi mikunjo. Alikuwa na kinundu cheusi kando ya pua, nikakifuta pia kwa kubonyeza mara moja, nikashangaa jinsi ilivyo rahisi.

Walipokuja kuichukua waliitazama wakapokezana fremu. Mwanamume mmoja, mjukuu mkubwa, ndiye aliyeongea, kwa heshima sana. "Mama, kazi ni nzuri, lakini huyu si susu yetu. Ile kitu ilikuwa hapa kando ya mapua ilienda wapi? Sisi wote tulilala tukiishika tukiwa watoto." Nilitamani sakafu inimeze. Nikawaambia warudi mchana, nikaanza upya na ile karatasi, nikaacha kila kunyanzi na kila kinundu. Mchana yule mwanamume alikigusa kinundu kwa kidole kupitia kioo cha fremu.

Jioni ile nikielekea nyumbani nilielewa jambo, na pengine wewe ungecheka kwamba lilinichukua muda mrefu hivyo. Nilikuwa natafuta mtu wa kunifundisha programu nzima. Mimi sina haja ya programu nzima. Na wale waliokuwa wakinifundisha hawajawahi kuona picha za aina yetu, hawajui kwamba mtu hufa na hana picha yake peke yake. Basi kesho yake nikafungua simu, sikuandika jina la programu wala neno la wanaoanza. Niliandika shida yangu kwa Kiswahili, vile ningekuambia wewe: jinsi ya kutoa mkono wa mtu begani.

Akaja mama mmoja. Sauti yake ni ya upande wa Tanzania, inatembea polepole, na nyuma yake kuku wanasikika. Mashine yake ni ya zamani kama yako, vitufe viko palepale. Alisema anatengeneza picha za misiba. Jambo la kwanza alilosema, kabla ya kugusa chochote: "Dada yangu, nakili. Ile ya kwanza iache chini, usiiguse kamwe." Nililia hapohapo, na alikuwa hajaanza hata kufundisha.

Alinieleza kitu ambacho vitabu vyote vilinipita nacho kasi. Kwamba picha kwenye ile programu si karatasi moja. Ni matabaka, moja juu ya jingine, kama blanketi kitandani. Kila tabaka lina jicho dogo pembeni. Ukilifumba, tabaka linajificha, ukilifumbua linarudi. "Hatufuti, tunafunika," alisema. Mkono hauutoi. Unachukua kitambaa cha koti la marehemu kutoka mahali pengine, kidogo kidogo, unakilaza juu yake kwenye tabaka jipya mpaka mkono usionekane. Somo lake ni la dakika ishirini na mbili. Nimelitazama mpaka najua kuku wanalia wapi.

Ilinichukua wiki tatu za mchana. Nilidhani nitachukua kitambaa kwenye bega la pili, kumbe jua lilikuwa linapiga upande mmoja na rangi haikulingana. Nikachukua kwenye mkono wa koti, chini ya kiwiko. Nikalaza nyuzi zifuate mshono. Mimi mwenyewe, uso na kitenge, nilijifunika kwanza kwa tabaka la rangi ya nyuma yetu, kisha mkono nikauanza na kidole kidogo. Nilikuwa nakula chakula kikiwa baridi, macho yananiwasha, wateja wananiita mara mbili ndipo nasikia, na hapo ndipo nilipokuelewa wewe na ile saa kumi yako. Samahani kwa ile kelele niliyokuwa nakupigia. Kovu la sufuria lilifunikwa Jumanne. Pete niliiacha mwisho. Nilipoifikia nilishindwa, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikarudi. Nasema tu, ili ujue. Haikuwa kazi ya mashine peke yake.

Mwende alikuja Jumapili akaniambia tena niuache. Nilifikiri sana. Lakini wewe nakujua. Ungeona haya kusimama pale mbele ya watu wote uliowatengeneza, waume kwa wake, kila mmoja bega lake safi, na wewe tu ndiye mwenye vidole. Nikamaliza.

Jana Kyalo alikuja. Nikamketisha hapa kwenye kiti. Alivaa miwani, akasogea, akarudi nyuma, akatafuta bega lote kwa kidole. "Sasa iko sawa," akasema. "Hata mwenyewe hangeona." Kisha akaniuliza ni nani aliyeifanya, nikamwambia ni mimi, akavua kofia. Hajawahi kunivulia kofia yule. Alisema ile siku ya chai alisema vibaya. Nikamwambia chai ilikuwa nzuri. Akaichukua picha kwa flashi akampelekea fundi wa vigae.

Alipoondoka nilibaki peke yangu na mashine. Nikatafuta lile tabaka la kitambaa, nikabonyeza jicho likafumba. Mkono wangu ukarudi begani mwako, na pete, na kovu. Nikafumba na tabaka lililonificha mimi, nikarudi na kitenge changu chote, nacheka, wewe umekunja uso kwa sababu ya jua. Nilituangalia. Halafu nikafumbua yote, ukabaki peke yako.

Kuna kitufe ambacho yule mama alisema mafundi wengi hukibonyeza kazi ikiisha. Kinabana matabaka yote yawe moja, faili linakuwa jepesi, lakini kilichofunikwa hakirudi tena milele. Hicho sitakibonyeza. Faili litakuwa zito, mashine yako itakoroma kila nikilifungua, acha ikorome. Nimelinakili mara tatu, moja iko kwa Mwende.

Duka nitaliweka wazi. Mtu akija na picha ya watu kumi na moja nitampokea, nitauliza kwanza ni kinundu gani kisiguswe, na atakayetaka kujifunza nitamfundisha siku hiyohiyo, saa nane, bila kungoja nafasi. Hiyo ni ahadi. Nyingine ni ile ya kitufe.

Lala vizuri, mume wangu. Kesho kutwa watu wataona umesimama peke yako, bega safi, kazi ya fundi. Ukisikia uzito kidogo upande ule, chini ya koti, ni mimi. Sijautoa.

Mama Mwende